Kabla ya kumtobolea paka mlango

Paka uliyemleta juzi hajui bado kwamba hapo ni kwake, kwa hiyo habari ya kilango chenye kifuniko cha kubembea isubiri. Mweke ndani wiki mbili hadi tatu: ale hapo, alale hapo, ajisaidie kwenye beseni la mchanga. Ukimfungulia mapema, hasa kama alikozaliwa ni mtaa wa pili tu, atarudi huko.

Wiki hizo mpeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huugua na kuambukiza. Ulizia pia kumhasi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mwenye mlango wake hakuombi ruhusa.

Kama umepanga, malizana na mwenye nyumba kabla fundi hajashika msumeno. Mlango wa chuma uache. Wa mbao wa jikoni ndio unaofaa. Tazama komeo liko wapi. Tundu likiwa karibu nalo, mkono wa mwizi utapita humo na kulifungua, kwa hiyo toboa upande wa bawaba. Kimo usikadirie kwa macho: pima kutoka sakafuni hadi tumboni mwa paka akiwa amesimama, ukingo wa chini wa tundu uwe hapo. Kwa paka mzima ni kama sentimita 15. Nyumba nyingi za Kigoma zimekaa kwenye mteremko, nje huwa chini kuliko ndani, basi panga matofali ya kukanyagia.

Tundu ni njia ya mbu na nyoka pia, na malaria huku haina mzaha. Kifuniko kibane vizuri, na usiku kifungwe kwa kipingo paka akiwa ndani. Mvua za Novemba zikianza mbao huvimba; mwambie fundi aache nafasi kidogo, la sivyo kifuniko kitakwama paka akiwa nusu ndani nusu nje, na hatakigusa tena. Bawaba ikilia, ipake mafuta ya cherehani. Mawese yapo jikoni, najua, lakini yanaganda na kuita sisimizi.

Mafunzo yenyewe mepesi. Funga kifuniko juu kwa kamba, tundu libaki wazi. Saa ya kula ikikaribia, yeye awe ndani, wewe chutama nje na dagaa wakavu wa Kibirizi wasiotiwa chumvi. Sugua mmoja kwenye ukingo wa tundu. Ataleta pua, atarudi nyuma, atatoa mguu mmoja aupapase ukingo. Nyamaza, subiri. Akishazoea kupita, legeza kamba kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka akisukume kifuniko kwa kichwa. Cha dukani huwa na sumaku chini. Izibe kwanza kwa utepe, kwani mwanzoni hukifanya kizito. Mlio wa kifuniko kikijirudi humshtua, na kipande cha sponji pembeni kinatosha kuutuliza. Kumshika na kumpenyeza kwa nguvu, hapana. Atakikimbia kilango hicho kwa muda mrefu.

Bakuli lake lihamishie mbali na mlango. Dume la jirani likinusa dagaa litapita humo siku hiyohiyo, bila mafunzo.