Kabla hujalipia mashine ya mazoezi yenye kioo: akaunti ya nani, na ada ipi inakusubiri

Nina chumba cha mazoezi cha akina mama Tabata Kimanga, nyuma ya nyumba tunayoishi. Kina mashine saba na hakuna hata moja niliyoinunua mpya. Tano nimezipata Masaki na Msasani kwa wageni waliokuwa wanarudi kwao, mbili kwenye maduka ya mitumba ya Ulaya hapahapa mjini. Haya ninayoyaandika nimejifunza kwa kutoa pesa yangu, na kwenye mashine moja niliitoa kwa uchungu.

Hiyo ni mashine ya kukimbilia. Dalali alinitumia picha kwa WhatsApp: kioo kikubwa kama televisheni, mkanda haujachubuka, bei milioni mbili na laki mbili. Mama yangu ana sukari, daktari alikuwa amemwambia atembee nusu saa kila siku, na barabara yetu ni vumbi na bodaboda tupu. Nikaenda Msasani siku hiyohiyo. Mwenye nyumba alishasafiri, funguo anazo mlinzi. Dalali akachomeka, kioo kikawaka na kuonyesha njia ya milimani yenye theluji. Nikalipa. Vijana wanne wakaipakia kwenye kirikuu mpaka nyumbani.

Nilipoichomeka Tabata na kuiunganisha na hotspoti ya simu, ikaandika jina la mtu nisiyemjua na kuomba neno la siri. Nikabonyeza kila palipobonyezeka. Mkanda haukusogea hata inchi moja. Nikampigia dalali.

"Dada, si inawaka?"

"Inawaka."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Nikaiandikia kampuni iliyoitengeneza. Wakajibu kwa adabu kwamba akaunti huondolewa na mwenye akaunti tu, na kwamba nchi yangu haimo kwenye nchi wanazozihudumia. Ilichukua wiki tano. Aliyeniokoa ni dada aliyekuwa akifanya kazi kwenye ile nyumba, maana alikuwa bado na namba ya bosi wake. Yule bwana aliposikia alisikitika kweli, akaingia kwenye akaunti yake akiwa hukohuko Ulaya, akaiondoa mashine. Jioni ile mama akatembea dakika kumi, ameshika vyuma kwa mikono miwili.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, na kila shoga anayeniambia ameona mashine mtandaoni namlazimisha aufuate.

Unachonunua hasa

Ukinunua kabati, umemaliza. Mashine yenye kioo ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna chuma: fremu, mota, mkanda au gurudumu, na kioo chenyewe kama kifaa. Hicho kikishauzwa kwako na mtu mwenye haki ya kukiuza, ni chako, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki hiyo. Halafu kuna programu iliyo ndani na mafunzo yanayotoka kwa kampuni kupitia intaneti. Vitu hivyo havikuwa mali ya aliyekuuzia. Alikuwa amepewa ruhusa ya kuvitumia kwa masharti aliyoyakubali siku alipojisajili, na kwa kawaida ruhusa hiyo haihami pamoja na mashine kwenye kirikuu.

Ndiyo maana kampuni inaweza kuweka ada mpya juu ya kitu ambacho kilishalipiwa zamani. Peloton ya Marekani ilifanya hivyo Agosti 2024: mtu anayenunua baiskeli yao kuukuu ya mazoezi kwa mtu binafsi na kutaka kujisajili alitakiwa kulipa dola 95 mara moja, kwa Kanada dola 125 za huko, ndipo baiskeli ifunguliwe kwa jina lake. Ada ya mwezi ni mbali na hiyo. Wakati huo ilikuwa dola 44, na Oktoba 2025 ikapanda kufika dola 49.99. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni karibu milioni moja na nusu kwa mwaka, na Tanzania haimo kabisa kwenye nchi inazouzia.

Kampuni ikibadili mawazo au ikifungwa, mashine inaweza kunyamaza yenyewe. Mwaka 2020 Flywheel, kampuni nyingine ya baiskeli za mazoezi, baada ya kesi na Peloton kuhusu hataza (haki za uvumbuzi), ilizima huduma yake ya mafunzo ya nyumbani, na waliokuwa na baiskeli zake wakabaki na vioo visivyo na kitu. Mwaka 2021 wenye mashine za kukimbilia za NordicTrack, modeli X32i, waligundua kwamba ukigusa kioo mara 10, ukasubiri sekunde 7, ukagusa tena mara 10, unaingia ndani ya mfumo na unaweza kuweka programu zako. Hiyo ni mashine ya kama dola 4,000. Kampuni ikaleta toleo jipya la programu lililoufunga mlango huo, kwenye mashine zilizokwisha kulipiwa na kuwekwa sebuleni mwa watu. Hilo linaniudhi mpaka leo, na mimi sina hata mashine ya aina hiyo.

Kwa hiyo bei yangu huipanga hivi: nachukulia kioo kimekufa. Najiuliza chuma hiki, bila kioo, kingeuzwa shilingi ngapi Kariakoo? Hiyo ndiyo pesa ninayokwenda nayo. Dalali atalalamika na kukwambia kioo peke yake ni milioni. Mwache aseme.

Maswali ya kuuliza kabla hujapanda daladala

Omba picha ya kibandiko chenye modeli na namba ya mashine, isomeke vizuri. Ukishakuwa na modeli, tafuta mtandaoni jambo moja tu kwanza: je, inafanya kazi bila usajili? Nyingine hukupa hali ya kuendesha tu, unaona mwendo na muda basi, na hiyo inatosha kabisa. Nyingine hazisogei mpaka zimeunganishwa na akaunti. Nyingine ziko katikati, zinakubali ukishazipitisha kwenye usajili wa kwanza mara moja.

Kisha angalia kama modeli hiyo iliwahi kutangazwa kurudishwa kwa sababu ya usalama. Mgeni akirudi kwao anaondoka na barua pepe yake, na tangazo likija humfuata yeye, wewe huna habari. Mei 2023 Peloton ilitangaza kasoro kwenye nguzo ya kiti ya baiskeli zaidi ya milioni mbili zilizouzwa Marekani, modeli PL01, kwa sababu inaweza kukatika mtu akiwa juu. Namba ya modeli ipo kwenye kibandiko ndani ya uma wa mbele, karibu na gurudumu. Ukiikuta kwenye tangazo la hapa Dar, muulize muuzaji kama nguzo ilibadilishwa, na kama hajui, usiikalie.

Muulize pia kama alinunua au alikodi. Huko nje zipo zinazokodishwa kwa mwezi na zipo za mkopo. Mashine ya kukodi ikiletwa huku kwenye kontena, kampuni ina kila sababu ya kukataa kuifungua.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: mwenye akaunti yuko wapi? Kama yuko nchini, akutane nawe penye mashine. Kama amesafiri, awe kwenye simu ya video. Hakuna mwenye akaunti, hakuna safari.

Ukifika penye mashine

Ichomeke, usiiunganishe na intaneti bado. Tafuta kitufe cha kuanzia kwa mkono. Kwenye mashine za kukimbilia chomeka kile kifunguo chekundu cha usalama chenye kamba, maana bila hicho nyingi hazitembei. Mkanda ukienda, panda. Tembea dakika kumi kamili, ongeza mwendo, panda mwinuko, shuka, sikiliza mota. Mimi mwenyewe kilo 84 napanda, sikubali kuangalia mkanda unaozunguka bila mtu juu yake. Harufu ya kuungua ukiisikia, aga.

Sasa mwambie mwenye mashine aiondoe kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, halafu airudishe kama ilivyotoka kiwandani. Kutoka tu kwenye akaunti hakutoshi, kwa sababu kwenye kumbukumbu za kampuni namba ya mashine inaweza kubaki chini ya jina lake. Ikishajiwasha upya, washa hotspoti ya simu yako wewe, iunganishe, anza usajili kwa barua pepe yako. Uwe na bando la kutosha, kwani inaweza kutaka kupakua toleo jipya la programu. Hapo ndipo ada zinapojitokeza, kwenye kurasa hizi hizi. Soma kila ukurasa na piga picha. Ukiona inadai kadi ya benki kabla ya kukuruhusu kuendesha, simama. Rudi nyuma utafute pa kuruka. Kama hapapo, mpe muuzaji simu yako aone mwenyewe kilichoandikwa, ndipo mzungumze bei upya.

Kwangu kuna jambo la ziada. Usajili wa nyumbani kwa kawaida ni wa kaya moja, na mimi wateja wangu si kaya yangu. Mwenye chumba cha mazoezi kama mimi ni bora asiutegemee kabisa.

Umeme wake

Hapa wengi wanaungua, na mashine nayo inaungua kweli. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Chini ya mashine, pale waya unapoingilia, kuna maandishi ya INPUT. Ukikuta 100-240V, badili plagi tu, maisha yaendelee. Baiskeli nyingi ni hivyo kwa sababu zinatumia adapta kama ya kompyuta. Ukikuta 120V peke yake kwenye mashine ya kukimbilia, unahitaji stepdauni, yaani kifaa cha kushusha volti, tena kubwa. Mashine ya ampea 15 kwa volti 120 hufika wati 1,800, na fundi wangu hakubali stepdauni chini ya wati 3,000 kwa mzigo kama huo, kwa sababu mota huvuta zaidi inapoanza na mtu akiwa juu. Gharama yake iingize kwenye bei, na LUKU usiisahau.

Kama nyumba iko karibu na bahari, inama uangalie boliti za chini. Chumvi ya Masaki inakula chuma huku rangi ya juu ikimeta.

Malipo na karatasi

Usitoe yote. Nalipa sehemu kubwa, nabakiza kama laki mbili kwa siku tatu mpaka niiwashe nyumbani kwangu. Muuzaji mkweli hukubali. Andikeni mauziano: modeli, namba ya mashine, bei, tarehe, namba za simu, na sentensi moja isemayo muuzaji ameiondoa mashine kwenye akaunti yake na kwamba haidaiwi. Kwa pesa nyingi, pitieni serikali ya mtaa mpate shahidi na mhuri, kama mnavyofanya kwa pikipiki. Dukani dai risiti ya EFD, na kauli ya muuzaji kwamba "inafanya kazi bila kulipia" mwombe akuandikie kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, lakini ukienda kulalamika Tume ya Ushindani huna kitu mkononi, utaeleza nini?

Kuitumia bila kampuni

Mashine nyingi za miaka ya karibuni huzungumza kwa bluetooth kwa lugha ya pamoja iitwayo FTMS, iliyowekwa mwaka 2017 ili mashine ya kampuni moja isomwe na programu ya kampuni nyingine. Pakua programu ya mazoezi kama Zwift au Kinomap kwenye simu, fungua sehemu ya kuunganisha vifaa, uone kama mashine inajitokeza. Ikijitokeza, kioo cha kampuni hukihitaji tena. Isipojitokeza, weka simu au tableti mbele yake na mafunzo ya bure ya YouTube. Akina mama wangu wanapenda zaidi taarabu, na miguu haijui tofauti.

Ile mashine ya mama bado iko ukumbini. Kioo kinaonyesha ukurasa wa kujisajili tangu siku ile, tumekifunika na kipande cha kanga, tumeacha wazi pembe inayoonyesha mwendo. Anatembea kilomita tatu na nusu kwa saa, asubuhi kabla ya chai.

Mwezi uliopita niliuza baiskeli yangu moja yenye kioo kwa mama mmoja wa Kigamboni. Kabla hajahesabu pesa nilimkalisha, nikaiondoa baiskeli kwenye akaunti yangu huku anaangalia, nikaifuta, akaiwasha kwa simu yake. Dakika nne zilitosha, pamoja na kutafuta miwani.