Namna ya Kuwatazama Ndege Waimbao Wanapohama Mwanzoni mwa Vuli

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, uhamaji wa ndege wadogo waimbao hupamba moto kuanzia nusu ya pili ya Agosti hadi mwishoni mwa Septemba, wakati majani ya miti yangali mabichi na joto la kiangazi halijaisha. Watu wengi hukosa kuuona kwa sababu ndege hao karibu wote wameacha kuimba, manyoya yao yamefifia, na safari yenyewe hufanyika usiku. Anayetaka kuwaona hana budi kuanza kwa kuuchunguza upepo wa usiku uliotangulia, kisha ajizoeze kumtambua ndege kwa umbo na mwenendo wake kabla ya kuitazama rangi.

Wengi wao huanza safari ya kwenda kusini muda mfupi baada ya jua kuzama, kwa kuwa hewa ya usiku ni tulivu na ya baridi, na mwewe hawawindi. Mchana hutua ili wale na kupumzika. Kwa hiyo ubora wa asubuhi huamuliwa jioni iliyotangulia: upepo wa baridi kutoka kaskazini unapovuma baada ya siku kadhaa za mvua au za upepo wa kusini, ndege waliokuwa wamezuiliwa huondoka kwa pamoja, na kulipopambazuka vichaka hujaa. Upepo ukiendelea kutoka kusini, ni afadhali safari iahirishwe. Mvua inayowakuta angani karibu na alfajiri nayo huwashusha popote walipo, hata kwenye bustani ndogo katikati ya jiji. Nchini Marekani, mradi wa BirdCast hutumia rada za hali ya hewa kukadiria wingi wa ndege wanaopita kila usiku, na ramani zake zinapatikana kwenye intaneti.

Fika mapema, kisha utafute ukingo wa msitu unaopigwa na miale ya kwanza ya jua, maana wadudu huanza kutembea pale palipopata joto. Miti yenye matunda madogo na vijito vyenye maji ya kina kifupi ni mahali pazuri vilevile. Rasi za pwani, kama Cape May huko New Jersey na Falsterbo huko Uswidi, huwakusanya ndege wanaosita mbele ya bahari.

Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Simama kimya, sikiliza milio mifupi, na umwonapo ndege usimwondolee macho hata kidogo. Inua darubini hadi machoni huku ukiendelea kumkazia. Katika misitu ya Amerika Kaskazini, ndege wadogo wa jenasi ya Poecile (chickadee kwa Kiingereza) wanaoishi hapo mwaka mzima hufuatwa na wageni wanaohama, hivyo ukisikia kundi lao, likague ndege mmoja mmoja bila haraka.

Utambuzi ndio unaodai subira kubwa zaidi, na kwa maoni yangu ndipo penye utamu wa majira haya. Chukua mfano wa Setophaga striata na Setophaga castanea, ndege wawili wadogo wa Amerika Kaskazini, ambao wakati huu wote wana mgongo wa kijani hafifu na mistari miwili myeupe kwenye kila bawa. Tazama chini ya mkia: striata ana weupe safi, ilhali castanea ana rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Kisha tafuta miguu, kwa maana nyayo za striata ni za manjano na za mwenzake ni nyeusi. Inastahili kukumbukwa kwamba striata huyo, mwenye uzito wa gramu 12 hivi kabla ya kujinenepesha, huruka juu ya Atlantiki kwa siku mbili hadi tatu bila kutua. Huko Ulaya, ndege mdogo Phylloscopus trochilus hutofautishwa na mwenzake anayefanana naye, Phylloscopus collybita, kwa miguu yake iliyopauka na mabawa marefu zaidi. Collybita ana miguu myeusi na hushusha mkia mara kwa mara anapotafuta chakula.

Usiwachezee sauti zilizorekodiwa ili kuwavuta, kwani kila dakika ya kula ni akiba ya safari ya usiku unaofuata. Nyumbani, zima taa za nje zisizohitajika na uweke alama zilizokaribiana kwenye upande wa nje wa vioo vya madirisha; nchini Marekani pekee, makadirio yaliyotolewa mwaka 2014 yalikuwa kwamba ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga vioo vya majengo.

Andika papo hapo tarehe, saa, mwelekeo wa upepo, idadi ya ndege na alama ulizoziona kwa macho yako, kisha uingize orodha hiyo kwenye eBird, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2002. Ndege usiyemtambua mwandike hivyo hivyo, pamoja na maelezo ya miguu, mabawa na mkia wake, pasipo kumkisia jina.