Samaki wa Mawe ya Matema: Anza na Mdomo

Mara ya kwanza nilipozamisha uso kwenye mawe ya Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nilihesabu aina tatu: wa bluu mwenye milia, wa kahawia, na wa chungwa mwenye mabaka meusi kama paka. Nikarudi mtumbwini najisifu. Mzee mpiga kafi akaniuliza, "Mwalimu, midomo yao umeitazama?" Wapi! Nikazama tena. Wote watatu walikuwa na pua nene iliyoufunika mdomo, kama mtu aliyeshusha kofia hadi machoni. Aina moja tu: dume, jike, na jike mwenye mabaka.

Hawa ni mbuna, samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa. Huyu mwenye pua kitaalamu ni Labeotropheus fuelleborni, jina alilopewa mwaka 1926.

Ukifika Matema kutoka Mbeya, usiishie mchangani wanakoogelea wageni. Mbuna ni wa mawe. Kodi mtumbwi uelekee kijiji cha Ikombe, kule Milima ya Livingstone inakotumbukia majini. Nenda asubuhi, upepo haujaamka, na kiangazi, kwa maana wakati wa mvua mto Lufilyo unamwaga tope. Midomo ya mito waachie mamba.

Beba miwani ya kuzamia, penseli, na kifuniko cheupe cha ndoo ulichokikwaruza kwa msasa. Penseli inaandika juu yake hata ndani ya maji. Mimi niliua daftari zima kabla ya kulijua hilo.

Chagua jiwe moja, elea juu yake, tulia. Ukiwafukuza wataingia nyufani na hutawaona tena. Wakianza kula, hapo ndipo penyewe. Mwenye pua hujilaza sambamba na jiwe, tumbo likilielekea, akikwangua mwani. Maylandia zebra, mbuna mwingine mwenye mdomo mbele, hulielekea jiwe uso kwa uso na kulidonoa. Ukikuta midomo minene yenye meno yanayoonekana kama brashi hata ikiwa imefungwa, huyo ni Petrotilapia.

Halafu tazama milia: imesimama au imelala? Pezi la chini karibu na mkia likiwa na vidoa vya njano mfano wa mayai, mara nyingi ni dume, ingawa majike wengine wanavyo hafifu. Ukiona samaki koo limevimba na hagusi chakula, ni jike aliyebeba mayai kinywani. Atakaa hivyo wiki tatu hivi. Ukimsogelea kidogo tu, anaweza kuyatema.

Rangi iwe ya mwisho. Dume aliyepigwa na mwenzake hufifia palepale ukimwangalia, na akitolewa majini ndiyo kabisa. Ndani ya ndoo ya mvuvi wote ni kijivu.

Kifuniko changu nimekigawa safu nne: mdomo, ulaji, milia, rangi. Hiyo ya rangi ni nyembamba, herufi tatu zinaijaza.