Somo: Kukaza cheni ya pikipiki kubwa bila kuua beringi

Wakuu, salaam. Swali la cheni ikazwe kiasi gani nimelijibu kwa simu, kwa meseji, na juzi nikalijibu nikiwa kwenye foleni ya mafuta pale Mwenge. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Somo hili ni la wenye pikipiki za safari ndefu zenye cheni: Tracer, Ninja 1000SX, GSX-S1000GT, VFR ya 750 au 800 na ndugu zao. Mwenye FJR1300, 1400GTR au RT ya BMW anatumia shafti (fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma), hana cheni. Huyo aangalie oil ya difu ya nyuma kwa wakati, inatosha.

Cheni za Dar zinakufa mapema kwa sababu tunaishi na chumvi. Ukipita Daraja la Tanzanite jioni upepo ukiwa unatoka baharini, au ukisimama kwenye kivuko cha Kigamboni, ile hewa inakaa kwenye cheni. Ongeza mchanga na madimbwi ya masika. Cheni hizi zina vipete vidogo vya mpira katikati ya sahani za chuma za cheni, vinavyofungia ndani grisi iliyowekwa kiwandani. Vipete vikipasuka, grisi inatoka, maji yanaingia, na hakuna oil ya kupaka nje itakayoirudisha. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kulinda ile mipira.

Vifaa: mafuta ya taa, brashi laini, matambara, oil ya gia SAE 90, rula, chaki, spana ya nati ya ekseli, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza).

1. Zima injini, toa ufunguo, tia mfukoni. Usisafishe wala kupaka cheni huku injini inazungusha gurudumu. Kidole kinaingia kati ya cheni na sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) kabla hujapiga kelele, na hakirudi.

2. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati au stendi ya gereji. Gia iwe nyutro.

3. Sugua kwa mafuta ya taa, futa. Petroli hapana, tina hapana, brashi ya waya hapana: zote zinaua mipira. Mashine ya kuoshea magari usiielekeze kwenye cheni.

4. Pima uchakavu kabla ya kukaza chochote. Vuta cheni inyooke, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 520, 525 au 530 inakupa mm 317.5. Ikifika 323, usiikaze. Nunua mpya pamoja na sproketi zote mbili, maana sproketi iliyoliwa inakula cheni mpya.

5. Tafuta sehemu iliyokaza zaidi. Hapa naomba mtulie.

Mwaka 2019 nilikuwa najiandaa kwenda Iringa. Nilipima mchezo wa cheni (inavyocheza juu na chini katikati ya sproketi mbili) sehemu moja tu, pikipiki ikiwa tupu, nikaona imelegea, nikaikaza ikanyooka vizuri kwa macho. Kesho yake alfajiri nikafunga masanduku mawili, mke wangu akapanda nyuma. Tulipofika Chalinze nikaanza kusikia mvumo kutoka chini, nikadhani ni tairi. Ndani ya Mikumi, tulipokwenda taratibu kwa 50, pikipiki ikawa inavuta kwa mikupuo. Ruaha Mbuyuni nikashuka kuangalia, nikakuta oil imetapakaa kwenye kifuniko cha sproketi ya mbele. Sili ya shafti ya gia (mpira unaozuia oil isivuje) ilikuwa imekufa, na beringi ya gurudumu la nyuma ilikuwa njiani kuifuata. Mbele yetu palikuwa na mlima Kitonga. Nikiwaza kwamba ningepanda zile kona na mke wangu mgongoni, oil ikidondokea tairi la nyuma, hadi leo mikono inakuwa baridi.

Kosa lilikuwa hili. Sproketi ya mbele, bolti inayoshikilia mkono wa nyuma (chuma kinachobeba gurudumu la nyuma), na ekseli ya gurudumu vikiwa kwenye mstari mmoja, hapo ndipo cheni inakaza kuliko wakati wowote. Pikipiki tupu haiko kwenye mstari huo. Ukipakia mizigo na abiria, shokapu inashuka, mkono unaukaribia ule mstari, na ule mchezo uliouona nyumbani unamezwa. Usipobaki mchezo, cheni inageuka kamba inayoivuta shafti ya gia kila ukipita kwenye shimo. Pia cheni haichakai sawasawa, ina sehemu zilizolegea na zilizokaza. Mimi niliikaza kwenye sehemu iliyolegea.

Kwa hiyo zungusha gurudumu polepole kwa mkono, pima kila robo mzunguko, sehemu iliyokaza kuliko zote itie alama ya chaki. Rekebisha hapo tu. Kipimo kisome kwenye kibandiko cha mkono wa nyuma au kwenye kitabu chake, na usome pia kinataka pikipiki iwe imesimama kwa stendi ipi unapopima. Nyingi zinaangukia kati ya mm 25 na 40, lakini zipo zilizo nje ya hapo, hivyo usiazime kipimo cha pikipiki ya rafiki. Ukimaliza, waite watu wawili wenye uzito wakae juu, kisha shika cheni kwa mkono. Lazima bado icheze. Ukibaki njia panda, acha ilegee kidogo. Cheni iliyolegea kidogo inapiga kelele, iliyokaza inavunja.

6. Legeza nati ya ekseli, zungusha skrubu za kurekebishia cheni za pande zote mbili robo kwa robo, kwa usawa. Alama za kiwandani msiziamini sana, pimeni kwa rula kutoka bolti ya mkono hadi ekseli, kulia na kushoto. VFR yenye mkono mmoja ina utaratibu wake wa kuzungusha kitovu.

7. Kabla ya kukaza nati, ingiza tambara lililokunjwa kati ya cheni na sproketi ya nyuma, rudisha gurudumu nyuma mpaka libane. Ekseli inakaa kwenye skrubu vizuri. Kaza kwa toki ya kitabu, toa tambara, pima upya. Kukaza nati mara nyingi kunaiba milimita kadhaa.

8. Paka oil upande wa ndani cheni ikiwa na joto la safari, iache usiku mzima, futa inayozidi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kimara: Mkuu nimesoma yote. Sasa kwa Ninja yangu niweke milimita ngapi?

Jibu: Hatua ya 5. Kibandiko kiko kwenye mkono wa nyuma.

Mdau wa Sinza: Mimi naikaza hadi inanyooka, mwaka wa pili huu, haijawahi kunisumbua. Mnatisha watu.

Jibu: Unatembea peke yako Sinza hadi Posta. Pakia abiria na masanduku, nenda Tanga, halafu fungua kifuniko cha sproketi uangalie sili. Simtishi mtu, ninaeleza kilichonikuta.

Mdau wa Mbagala: Kaka mimi ni wa bodaboda, nimebahatika kununua VFR ya zamani. Kwa nini cheni ya boda haiingii? Na zile namba zina maana gani?

Jibu: Hongera mdogo wangu. Tarakimu ya kwanza ni umbali kati ya pini na pini, kwa sehemu ya nane ya inchi. Cheni ya boda ya 428 ni nne ya nane, yaani nusu inchi, mm 12.7. Cheni inayoanza na 5 ni tano ya nane, mm 15.875. Kwa hiyo meno hayakutani kabisa. Tarakimu mbili za mwisho ni upana wa ndani: 520 ni robo inchi, 530 ni mm 9.5 hivi. Ukienda Kariakoo, soma namba iliyogongwa kwenye sahani ya cheni yako ya sasa, hesabu pini zote, na uhakikishe unayopewa ina mipira. Njoo na VFR siku ya Jumapili tuiangalie pamoja.

Mdau wa Tabata: Fundi wangu anapaka oil chafu ya injini, anasema ni ile ile.

Jibu: Si ile ile. Oil chafu ina chembe za chuma na masizi, na ni nyepesi, inarukia tairi. Umenunua tairi la bei ya kodi ya nyumba halafu unalipaka oil.

Dada wa Kigamboni: Habari kaka. Navuka kivuko kila siku kwenda kazini. Nikiosha kwa maji baridi kila jioni nitakuwa nasaidia au naharibu?

Jibu: Nzuri dada, na umeuliza vizuri. Maji baridi ya kumwagia kwa kopo yanasaidia kuondoa chumvi, mradi yasiwe ya presha. Usiyaache yakauke yenyewe. Futa kwa tambara, kisha paka oil kidogo jioni hiyo hiyo. Kwa njia yako ningepaka kila km 300 badala ya kusubiri 500 au zaidi, na siku ya mvua usingoje kabisa. Chunguza pia bolti za diski na plagi za nyaya chini ya kiti, chumvi inaanzia huko kimya kimya.

Mdau wa Goba: Nataka kupunguza jino moja mbele, toka 16 hadi 15, ipande vilima na mzigo. Una maoni?

Jibu: Inafanya kazi. Injini itazunguka karibu asilimia 7 zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo mafuta yataongezeka kwenye njia ndefu. Kama spidi yako inasomwa kutoka kwenye gia, itakudanganya kwenda juu. Angalia cheni isikwaruze ule mpira wa mkono wa nyuma.

Mdau wa Kimara: Nimekiona kibandiko. Asante. Nyingine: foleni ya Ubungo feni haizimi, nimeongeza maji ya bomba.

Jibu: Yatoe. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazoganda ndani ya rejeta. Tia kulanti nusu na maji ya betri nusu, na utoe matope kwenye mapezi ya rejeta kwa brashi laini.

Mzee wa Mbezi Beach: Mwanangu, mimi cheni yangu salama. Ila kila Jumamosi stendi inazama mchangani, mara mbili imelala.

Jibu: Shikamoo mzee. Kata kipande cha ubao ukubwa wa kiganja, toboa tundu, funga kamba ndefu hadi kwenye usukani. Ukisimama unakidondosha chini ya stendi, ukiondoka unakivuta bila kuinama. Kamba iwe ya rangi kali, ili usisahau ukaondoka nayo ikiburuzika kwenye gurudumu.