Kushonea watoto wadogo nyumbani: bibu, suruali, mpira wa vitambaa na kazi ya mtoto mwenyewe

Kitu anachoshonewa mtoto mdogo hakimalizi wiki kabla hakijafuliwa, kuvutwa, kutafunwa na kuburutwa sakafuni. Kwa sababu hiyo, sehemu zinazostahili kazi kubwa zaidi ni zile zisizoonekana: mshono wa ndani, ukingo uliozongwa usichanike, na mahali uzi unapoanzia na unapoishia. Mapambo huja baadaye, na mara nyingi hayahitajiki hata kidogo. Yafuatayo ni maelezo ya vitu vitatu ambavyo mtu mwenye cherehani ya kawaida, au hata sindano ya mkono na subira, anaweza kuvimaliza bila kuwa fundi, pamoja na kazi moja ambayo mtoto ataishona kwa mikono yake.

Kabla ya kukata

Fua kitambaa chote kwanza, kwa maji ya joto lile lile litakalotumika kufulia kitu kikishakamilika, kisha kianikwe na kupigwa pasi. Kitambaa cha pamba hunywea kinapofuliwa mara ya kwanza, kwa kawaida kwa asilimia 3 hadi 5, na suruali iliyokatwa kwa urefu wa sentimita 50 inaweza kupoteza sentimita mbili na nusu kabla mtoto hajaivaa mara ya pili. Jambo hili lina uzito zaidi pale vitambaa viwili tofauti vinaposhonwa pamoja, kwa kuwa taulo na pamba nyembamba havinywei sawasawa, na bibu (kitambaa cha kumkinga mtoto kifuani anapokula) iliyoshonwa bila vitambaa vyake kufuliwa hujikunja pembeni na haipigiki pasi ikanyooka tena. Wakati huo huo jaribu kama rangi inatoka: sugua kitambaa kibichi kwa kipande cheupe, na kipande hicho kikipata rangi, endelea kufua au tafuta kitambaa kingine, kwani chochote cha mtoto mchanga kitaingia kinywani.

Shuka na mashati ya zamani ni malighafi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Yameshanywea, yameshatoa rangi iliyozidi, na ulaini wake hauwezi kununuliwa. Yashikilie mbele ya dirisha. Sehemu inayopitisha mwanga kuliko nyingine imeshachakaa na haifai, hata kama kwa macho ya kawaida inaonekana nzima.

Kabla ya kuweka kiolezo, yaani karatasi yenye umbo la kipande kitakachokatwa, tafuta ukingo wa kiwandani, yaani ule upande wa urefu usiochanika. Nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo huo huvutika kidogo sana, zile za upana huvutika zaidi kidogo, na kitambaa kikivutwa kwa mshazari hutanuka kwa wazi. Miguu ya suruali ikikatwa bila kufuata nyuzi za urefu, itajizungusha mwilini baada ya kufuliwa, na hapo hakuna pasi wala mshono unaoweza kuirekebisha.

Kwa cherehani, sindano namba 80 inatosha kwa pamba ya shati na shuka. Namba 70 ni ya kitambaa chepesi, na namba 90 hutumika kwa taulo au jinzi. Kitambaa cha fulana kinahitaji sindano yenye ncha ya mviringo, kwa sababu ncha kali hukata vitanzi na kuacha matundu yanayoendelea kufumuka. Uzi wa poliesta ni imara kuliko uzi wa pamba na unafaa kwa karibu kila kitu hapa. Hatua ya cherehani, yaani urefu wa kila mchomo wa mshono, ya milimita 2.5 inatosha kwa nguo, lakini kwa kitu kitakachojazwa punguza hadi milimita 2, maana kujaza hutanua mshono. Na ukianza kazi, hesabu pini zako. Ukimaliza, zihesabu tena. Pini moja iliyobaki ndani ya taulo haionekani mpaka imchome mtu.

Bibu ya pande mbili

Hii ndiyo kazi bora ya kuanzia, kwani ni ndogo, haidai vipimo vya mwili zaidi ya shingo, na inafundisha mshono wa mviringo ambao utahitajika baadaye. Pima mzunguko wa shingo ya mtoto na uongeze sentimita 3. Kunja karatasi katikati na uchore nusu ya umbo: upana wa sentimita 22 kwa ujumla, urefu wa sentimita 22 kutoka chini ya shingo, pamoja na mikono miwili ya juu inayozunguka shingo na kupishana kwa sentimita 3 hivi nyuma. Ongeza sentimita 1 ya nafasi ya mshono pande zote, kisha kata kipande kimoja cha pamba na kimoja cha taulo.

Vipande viwekwe uso kwa uso, yaani pande zao nzuri zikigusana, na vibanwe kwa pini. Shona kuzunguka umbo lote, ukiacha sentimita 8 bila kushona kwenye upande ulionyooka, kamwe si kwenye mviringo, kwa kuwa mwanya wa mviringo hauwezi kufungwa ukapendeza. Anzia na uishie kwa kurudisha mshono nyuma hatua tatu au nne. Sasa fanya kazi ambayo wengi huiruka: punguza nafasi ya mshono hadi nusu sentimita, na kwenye mviringo wa shingo kata vipengo vidogo vya pembetatu ukingoni kila baada ya sentimita moja bila kugusa mshono. Bila hivyo shingo itakunjamana. Pindua bibu kupitia mwanya, sukuma kingo kwa kijiti kisicho na ncha kali, piga pasi, kisha shona tena juu kuzunguka bibu yote, milimita 4 kutoka ukingoni. Mshono huu wa pili hufunga mwanya na pia huzuia taulo kuhama ndani.

Kuhusu kifungio, tumia kifungo cha kubana au utepe wa kunata (velkro), si kamba za kufunga. Kifungio kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu ni salama zaidi kwa kitu kinachozunguka shingo, na hata hivyo bibu ivuliwe kabla mtoto hajalala.

Suruali yenye lastiki kiunoni

Watu huogopa kushona nguo kwa sababu ya vipimo. Kwa mtoto mdogo hofu hiyo inaondoka haraka, kwa kuwa suruali anayoivaa sasa inaweza kuwa kiolezo. Tandaza karatasi na uchore mstari mmoja ulionyooka, ambao ni wa ubavu. Kunja suruali ya zamani katikati, sehemu ya mbele ikiwa nje, ivute ncha ya katikati ya mapaja mpaka mviringo wake uonekane wote, na uitanue lastiki hadi kitambaa kinyooke. Weka ubavu juu ya mstari na uchore sehemu ya mbele upande mmoja. Ikunje upande wa pili, sehemu ya nyuma ikiwa nje, na uichore ng'ambo ya mstari ule ule. Utapata umbo moja pana lisilo na mshono wa ubavuni. Vipande viwili vya umbo hilo, kimoja kikiwa kimegeuzwa, ndiyo suruali nzima.

Kwa mtoto anayevaa nepi, inua kiuno cha nyuma kwa sentimita 2 au 3 zaidi ya cha mbele, la sivyo suruali itateremka kila anapoinama. Ongeza sentimita moja na nusu kwenye mishono, sentimita 3.5 kiunoni, na sentimita 5 miguuni. Sehemu hiyo ya mwisho ichorwe bila kupungua upana, ili pindo lisikaze. Mtoto akirefuka, pindo hufumuliwa na kushushwa, na nguo hupata msimu wa pili.

Zonga kingo zote kwa mshono wa zigizaga kabla ya kuunganisha. Kunja kila kipande uso kwa uso na ushone mshono wa ndani wa mguu. Kisha geuza mguu mmoja tu, uingize ndani ya mwingine ili nyuso zigusane, linganisha mishono miwili ya miguu mahali inapokutana, na ushone mviringo wote kutoka kiuno cha mbele hadi cha nyuma kwa mkupuo mmoja. Mviringo huu ushonwe mara mbili, mshono wa pili ukikaa milimita 3 karibu zaidi na ukingo, kwa maana hapo ndipo suruali za watoto huachia kwanza.

Kiunoni, pinda sentimita 1, kisha sentimita 2.5, na ushone karibu kabisa na ukingo wa chini wa pindo, ukiacha mwanya wa sentimita 5 nyuma. Kata lastiki yenye upana wa sentimita 2 iliyo fupi kuliko kiuno cha mtoto kwa sentimita 3, ifunge kwenye pini kubwa ya kufunga, na uipitishe. Mvalishe mtoto kabla ya kushona ncha za lastiki moja juu ya nyingine. Alama nyekundu tumboni ni ishara kwamba imekaza mno. Ukifunga mwanya, shonea hapo kipande cha utepe uliokunjwa, na mtoto atajua mwenyewe nyuma ni wapi.

Mpira wa vitambaa

Mpira laini haumwumizi mtu wala hauvunji kitu, na hesabu yake ni rahisi kuliko inavyoonekana. Amua mzunguko unaotaka. Ukigawanya kwa sita, unapata upana wa kipande kimoja katikati. Ukigawanya kwa mbili, unapata urefu wake. Mpira wenye mzunguko wa sentimita 36, ambao unashikika kwa mikono miwili midogo, unahitaji vipande sita vyenye urefu wa sentimita 18 na upana wa sentimita 6, vilivyochongoka kwenye ncha zote mbili. Ongeza sentimita 1 ya mshono, na uweke alama kwa chaki pale mistari ya mshono inapokutana kwenye kila ncha.

Alama hizo ndizo siri ya kazi yote. Shona kutoka alama hadi alama, si kutoka ukingo hadi ukingo. Ukivuka alama, ncha sita hazitakutana sawasawa na mpira utapata mdomo uliokunjamana. Unganisha vipande vitatu vifanye nusu, vitatu vingine vifanye nusu ya pili, kisha nusu kwa nusu, ukiacha mwanya wa sentimita 6 katikati ya mshono mmoja. Jaza kwa nyuzi laini za kujazia mito, kidogo kidogo, ukianzia pembezoni. Mabaki ya vitambaa hujaza pia, lakini huufanya mpira kuwa mzito na hukawia kukauka ukifuliwa. Funga mwanya kwa uzi wa mkono uliokunjwa maradufu, sindano ikipita ndani ya mkunjo wa upande mmoja na kisha wa upande wa pili, na kila baada ya hatua nne vuta uzi ukaze. Baadaye uvute mshono huo kwa nguvu zako zote za vidole. Ukiachia mkononi mwako, ungeachia pia mdomoni mwa mtoto.

Ukipata hamu ya kugeuza ujuzi huu kuwa mwanasesere, macho yatariziwe kwa uzi badala ya kushonewa vifungo. Nchini Marekani, vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka 3 hupimwa kwa silinda yenye upana wa milimita 31.7, kipande chochote kinachotoka na kuingia humo kizima huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto, na kifungo cha shati kinaingia bila shida. Viwango vya Ulaya navyo havikubali kamba za kuvuta kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wa chini ya miaka 7. Kitu kimoja ambacho kingali kikishonwa sana majumbani, yaani kizingio chenye pamba kinachofungwa ndani ya kitanda cha mtoto mchanga, kilipigwa marufuku kuuzwa Marekani kwa sheria ya mwaka 2022 kwa sababu ya hatari ya kuziba pumzi. Kwa maoni yangu hakistahili kushonwa hata kama kitambaa chake ni kizuri kiasi gani, na mito na wanasesere nao wasikae anapolala mtoto ambaye hajafikisha mwaka.

Kazi ya mtoto mwenyewe

Mtoto wa miaka 3 au 4 huanza na kadi. Kata boksi gumu mraba wa sentimita 15, toboa matundu kila baada ya sentimita 2, mpe uzi wa sufu ambao ncha yake imezungushiwa karatasi ya gundi (selotepu) ili iwe ngumu, na umwache apitishe apendavyo.

Akifikia miaka 5 au 6, anaweza kushona mfuko wa felti, kitambaa ambacho hakichaniki ukingoni na kwa hiyo hakihitaji pindo. Kipande cha sentimita 10 kwa 24 hukunjwa ili kitoe mfuko wa sentimita 10 na kifuniko cha sentimita 4. Mtu mzima atoboe matundu mapema, sentimita moja moja, kwenye pande mbili za mfuko. Sindano iwe butu na yenye tundu kubwa, uzi usizidi urefu wa mkono wa mtoto, na ufungwe kwenye tundu la sindano kwa fundo, kwani kuchomoka kwa uzi ndiko kunakowakatisha watoto tamaa kuliko ugumu wa kushona wenyewe. Mfundishe mshono wa kuzonga, ambao uzi hupita juu ya ukingo na kurudi upande ule ule kila mara. Watoto huzunguka ukingo hata wakifundishwa mshono wa kunyoosha, hivyo ni afadhali kuchagua mshono ambao kuzunguka huko ndiko kushona kwenyewe. Keti upande ule ule anaoketi yeye, si mbele yake, ili asilazimike kugeuza kichwani anachokiona mikononi mwako. Na kama yeye hutumia mkono wa kushoto, hapo ndipo unapofaa kukaa mkabala naye. Mshono ulioruka tundu usifumuliwe isipokuwa mfuko unabaki wazi. Akimaliza, mtu mzima akaze fundo ndani ya mfuko, akate uzi akiacha nusu sentimita, na arudishe sindano kwenye kopo lenye kifuniko.