Mkunjo wa Phillips: uchore mwenyewe, na kila nukta iandikie mwaka

Nafundisha uchumi kidato cha sita. Daftari nyingi ninazosahihisha zina mkunjo wa Phillips, yaani mstari mmoja uliopinda unaohusisha ukosefu wa ajira na mfumuko wa bei, umenakiliwa ubaoni, hauna namba hata moja. Mwanafunzi anajua kwamba ukosefu wa ajira ukishuka mfumuko wa bei hupanda. Muulize kwa nini, kimya.

Chukua karatasi ya grafu. Mhimili wa mlalo uwe wa ukosefu wa ajira, asilimia 3 hadi 10. Wa wima uwe wa mfumuko wa bei, 0 hadi 14. Tumia takwimu za Marekani, maana kule wengi wanaishi kwa mshahara. Kwetu mkulima akikosa kipato bado anahesabiwa ana kazi, na nukta zitakupoteza.

Anza na 1961: ukosefu wa ajira 6.7, mfumuko wa bei 1.0. Kisha 1965: 4.5 na 1.6. 1966: 3.8 na 2.9. 1968: 3.6 na 4.2. 1969: 3.5 na 5.5. Kila nukta iandikie mwaka wake. Hilo usiliruke kabisa. Ukiziunganisha unapata mkunjo unaoteremka kuelekea kulia. Mchumi A. W. Phillips, mzaliwa wa Nyuzilandi aliyefundisha London, aliuona mwaka 1958, ila yeye, badala ya bei, alipima kasi ya kupanda kwa mishahara ya Uingereza ya 1861 hadi 1957.

Sasa weka kalamu chini ufikiri. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ilipunguza kodi, kisha matumizi ya vita vya Vietnam yakaongezeka. Oda zikajaa viwandani. Mwenye kiwanda anauza kwa bei ya leo, lakini anawalipa watu mshahara waliokubaliana zamani. Kila anayemwongeza anamletea faida, kwa hiyo anaajiri. Huo ndio muda mfupi: kipindi ambacho mshahara bado haujazifikia bei. Wanafunzi wangu wengi hukariri kwamba ni mwaka mmoja, na wanapoteza alama bure.

Ongeza 1974: 5.6 na 11.0. 1975: 8.5 na 9.1. 1980: 7.1 na 13.5. Nukta zimehama, zimekwenda juu na kulia. Usiufute mkunjo wa kwanza! Chora mwingine juu yake. Wachumi Milton Friedman na Edmund Phelps walikuwa wameshaonya mwishoni mwa miaka ya 1960: watu wakizoea bei kupanda, hudai nyongeza mapema, na ile faida ya kuajiri inayeyuka. Juu ya hapo, bei ya mafuta ikapaa kuanzia Oktoba 1973.

Malizia na 1982: 9.7 na 6.2, halafu 1983: 9.6 na 3.2. Paul Volcker, aliyeshika Benki Kuu ya Marekani Agosti 1979, alibana fedha na riba ikapanda mno. Desemba 1982 ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 10.8. Nasisitiza namba hii darasani, kwa sababu ni familia zilizokosa mshahara ili bei zitulie.

Kutoka 1980 hadi 1982 chora mshale unaoteremka kufuata mkunjo wa pili. Kutoka 1982 hadi 1983 ukosefu wa ajira karibu haukubadilika, kasi ya bei kupanda ikapungua kwa nusu hivi. Mshale huo unashuka wima, kwa hiyo ni mkunjo wenyewe unaorudi chini, watu wakianza kutarajia bei tulivu. Mishale hiyo miwili itofautishe kwa rangi.