Ipi kubwa, 0.4 au 0.35? Desimali kwa utepe wa karatasi
Kata utepe wa manila wenye urefu wa mita 1. Utepe mzima ndio 1. Watoto wauchore mistari kila baada ya sentimita 10: kila kipande ni sehemu moja ya kumi, yaani 0.1. Sentimita moja ni sehemu moja ya mia, 0.01.

Sasa uliza: ipi kubwa, 0.4 au 0.35? Wengi watajibu 0.35, kwa kuwa wamezoea namba nzima, ambako 35 huizidi 4. Usikimbilie kuwasahihisha kwa mdomo. Waache wapime kwa kidole: 0.4 inafika sentimita 40, 0.35 inaishia 35. Ndipo waandike 0.4 kama 0.40, yaani sehemu 40 za mia, wailinganishe na 35 za mia.

Tafadhali, someni "sifuri nukta tatu tano", kamwe si "nukta thelathini na tano". Kosa huanzia hapo.